Barua kwa kina mama vijana wa Ujiji na Kibirizi

Wanangu,

Marahaba, na poleni na malezi.

Wiki iliyopita alfajiri nilisikia mtoto akichapwa nyumba ya pili. Kosa lake kajikojolea, na hata miaka miwili hajatimiza. Nilikwenda nikapiga hodi. Mama yake akaniambia, "Bibi, mwenzake wa hapo mbele ameshaacha pampasi, huyu ananitia aibu." Maneno hayo yamenikosesha usingizi, ndiyo maana nawaandikia nyote.

Nami niliwahi kuchapa. Mwanangu wa tatu nilikuwa nikimkalisha kwenye poti nusu saa nzima, hatoi kitu. Akiinuka tu, anajichafua. Nikamchapa. Tangu siku hiyo akaanza kubana choo. Siku nne, siku tano, tumbo limekaza, na kikitoka ni kikavu kinamchana hadi damu. Akiumia anabana zaidi, akibana kinazidi kukauka. Mimi nikaita ukaidi. Ilikuwa maumivu na woga, na vyote viwili nilimpa mimi. Ilichukua miezi ya papai, maji na uji mwepesi, na poti kufichwa kabisa, ndipo akakubali kukaa tena.

Mnabishana sana kuhusu njia ipi ni bora ya kumzoesha mtoto choo. Mama zetu walianza mapema mno. Mama ananyoosha miguu chini, anamkalisha mtoto mchanga juu ya miguu yake, anamwambia "shiii", na mtoto anakojoa. Hakuna aliyengoja mwaka. Wadigo wa pwani waliwahi kuandikwa na watafiti mwaka 1977 kwa jambo hili hili: mama anaanza mtoto akiwa na wiki chache, na akifika miezi mitano au sita anakaa mkavu mchana na usiku. Si uchawi. Mama yuko na mtoto mwilini kutwa, anamjua anavyojinyonganyonga kabla ya haja, na mtoto akikosea hakaripiwi. Lakini wewe unayeamka saa kumi kwenda mwaloni kununua dagaa na kurudi jua kali, mtoto akiwa na dada wa kazi, utamkojoza saa ngapi? Njia hiyo inataka mikono iliyo karibu. Usiianze ukamwachia binti mdogo kisha umlaumu.

Huko Marekani daktari wa watoto Brazelton aliandika mwaka 1962 kwamba mtoto asubiriwe mpaka mwenyewe aonyeshe dalili. Mwaka 1974 wanasaikolojia Azrin na Foxx wakaja na kitabu cha kumfundisha kwa siku moja: maji mengi ya kunywa, mwanasesere anayekojoa, zawadi kila akifanikiwa. Hiyo ya siku moja siipendi. Humbana sana mtoto, na mama akishindwa jioni hasira humshukia mdogo.

Kwa wengi wenu mimi nashauri kusubiri dalili. Misuli inayofunga mkojo na choo haitii amri ya mama kabla haijakomaa, na watoto wengi huanza kuimudu kati ya miezi 18 na 24, wengine baadaye. Mtazame: anakaa mkavu kwa muda wa saa mbili? Anaweza kuvua kaptula? Anajificha nyuma ya mlango akitaka haja? Basi yuko tayari. Anza kiangazi, nguo zinapokauka upesi. Masika utafua hadi ulie. Mkalishe baada ya kula, dakika chache tu, nyayo ziguse chini. Choo cha shimo usimlazimishe. Tundu lile ni kubwa kuliko yeye na analiogopa kwa haki.

Usiku ni habari nyingine kabisa. Mtoto wa miaka mitatu, minne, hata mitano anayelowesha godoro hakukosa adabu, amelala. Msimwite kikojozi mbele ya wenzake.

Na lile la kusema choo cha mtoto hakina madhara, liacheni. Mwaka 2015 kipindupindu kiliwapata maelfu ya watu mkoani kwetu Kigoma, kuanzia kijiji cha Kagunga, na ugonjwa ule hupita kwenye kinyesi na maji. Poti imwagwe chooni, si kwenye mfereji wala ufukweni tunakochota. Mnawe kwa sabuni, wewe na yeye.

Mtoto anayelia akikojoa, au aliyekuwa mkavu miezi mingi kisha akaanza upya ghafla, apelekwe zahanati. Huenda ana ugonjwa wa njia ya mkojo, au kuna kilichomtisha nyumbani.

Anayebana choo, mleteni kwangu jioni baada ya alasiri. Njooni naye, bila fimbo, na mapapai yapo.

Bibi yenu, Ujiji