Somo, beseni bado liko ukumbini

Ujiji, Kigoma
22 Mfungo Saba

Somo yangu kipenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ningeanza kama tulivyofundishwa shuleni, kwamba hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Lakini safari hii mashaka yako kwangu, hapa hapa ukumbini, yamefunikwa kanga na paka anayazunguka. Nitafika huko. Sisi wazima. Mama anakusalimu, mguu wake nafuu. Mwajuma kajifungua wa kiume na jina bado wanagombania, unawajua wale. Mvua bado. Salamu zimetosha.

Najua nimekaa kimya tangu Idi. Usininunie. Nikikupigia simu tunacheka mpaka salio linakata, na jambo hili nataka ulisome polepole, ulirudie, umsomee na Mwalimu wako akishakunywa chai. Shabani anapanda treni leo, barua ninampa yeye. Atakupa na kifurushi cha dagaa. Hao nimewanunua Kibirizi kwa pesa taslimu, mkono kwa mkono, kula kwa raha zako. Utaona kwa nini nasisitiza.

Ni hivi. Unakumbuka nilivyoanza kukopesha chakula. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa, hakuna kuvua, 15 Mei mpaka 15 Agosti, mwaloni palikuwa kimya kama kijiji kilichohamwa. Mitumbwi imepinduliwa, vijana wanacheza bao mchana kutwa, wake zao wanakuja kwangu na vikapu vitupu. Nikawapa maharage, mahindi, mawese, chumvi ya Uvinza, sabuni. Wakasema watanilipa dagaa ziwa likifunguliwa. Ziwa likafunguliwa, mtindo ukabaki. Mbalamwezi ikiwa kali hakuna anayevua, mimi natoa chakula. Giza likiingia, taa zinawashwa ziwani, naletewa dagaa. Sado moja ya maharage kwa sado mbili za dagaa wakavu. Hakuna karatasi wala shahidi, ni "Mama, tutaonana giza," basi. Na mimi nikijihesabia thawabu. Nilijiona mama wa mwalo mzima.

Jumatano iliyopita, darsa ya akina mama baada ya Alasiri, ustadhi akafika mlango wa riba. Mimi nimekaa kwa raha zangu, miguu nimenyoosha. Riba si yangu, riba ni ya watu wa vikoba na mikopo ya simu. Akasoma ile hadithi ya vitu sita: dhahabu kwa dhahabu, fedha kwa fedha, ngano kwa ngano, shayiri kwa shayiri, tende kwa tende, chumvi kwa chumvi, sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Aina zikitofautiana, uzeni mtakavyo, maadamu ni mkono kwa mkono. Akasema sisi Mashafii, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, tunasema vile vinne vya mwisho vimetajwa kwa kuwa ni chakula, basi kila chakula kinaingia humo: mchele, maharage, mafuta, samaki. Ukibadilisha chakula kwa chakula cha aina nyingine, kuzidisha kipimo unaruhusiwa, kuchelewesha huruhusiwi.

Akanyamaza kidogo. Akatazama zulia. "Na wapo," akasema, "wanaotoa maharage mbalamwezi wakapokea dagaa giza."

Somo! Vichwa vyote vikanigeukia. Yule wa duka la jirani aligeuka kiwiliwili kizima. Nikavuta miguu.

Sikukasirika kwa hukumu. Hukumu ni hukumu, na nilipoifikiria njiani niliona ipo wazi, maana hiyo chumvi ya Uvinza ninayopima kila siku imetajwa kwa jina lake kabisa katika hadithi na mimi nimeisoma tangu mdogo, wewe shahidi, tuliikariri pamoja kwenye ule mkeka uliokuwa ukituchoma magoti. Nilikasirika kwa kuwa alifunga mlango, akaadhini Magharibi, akatuacha nje. Mtu akikuambia njia hii ina shimo, si akuonyeshe na nyingine?

Sasa sikiliza. Usiku ule ule, nimetoka kuswali Isha, nasikia hodi. Wifi yako, Mama Sauda, na beseni kichwani. Giza la kwanza, mume wake kapata, na mtu wa kwanza kumkumbuka ni mimi. Sado sita za dagaa kwa sado tatu za maharage alizochukua mwezi uliopita. Dagaa weupe, wa chanja, hawana mchanga hata punje. Ningekuwa na akili ningesema "ahsante, weka hapo, tutazungumza kesho." Nikasema, "Mama Sauda, hawa siwezi kuwapokea."

Aliniangalia. "Wana nini?"

Nikaanza kueleza, ngano, shayiri, mkono kwa mkono, maneno yananipotea. Yeye anasikia kitu kimoja tu: kwamba dagaa wake wamekataliwa. "Nimekukosea nini, Mama? Miaka yote hii nakulipa." Nikasema hujanikosea. Akasema, "Deni silirudishi nyumbani kwangu." Akashusha beseni, akaondoka. Hata kanga yake ya kufunikia aliiacha.

Ndiyo hiyo iko ukumbini. Leo siku ya tatu. Si dagaa wangu, si wake kwa maneno yake. Siuzi, sili. Mama anapita anaziba pua makusudi.

Kulipopambazuka nilimfuata ustadhi kwake, nikiwa na kaka yangu. Nilikwenda kugombana, nikakuta mtu ana mafua na mjukuu mgongoni, ugomvi ukaisha. Nikamuuliza: na sabuni je? Maana natoa sabuni pia kwa mtindo huo huo. Akacheka mpaka akakohoa. Sabuni si chakula wala si pesa. Ukiitoa leo ukapokea dagaa mwezi ujao haina riba hiyo, mradi kila kitu kijulikane, dagaa kiasi gani, wa namna gani, lini. Kwa hiyo Somo, kapu moja, mteja mmoja, safari moja: mche wa sabuni halali, maharage haramu. Nilitamani ningekuwa muuza sabuni tangu zamani.

Njia nyingine alinionyesha mbili, na ya kwanza nadhani tuliwahi kuisikia utotoni tukasinzia. Bilali alimletea Mtume, rehema na amani zimshukie, tende nzuri. Akaulizwa umezipata wapi, akasema nilikuwa na tende mbovu, nimetoa pishi mbili nikapata pishi moja ya hizi. Akaambiwa hiyo ndiyo riba yenyewe, usifanye hivyo, ukitaka nzuri uza zako kwanza, kwa thamani utakayopata nunua hizo. Yaani pesa iingie katikati. Basi niuze maharage kwa shilingi. Hata kwa mkopo, hata kwa bei iliyo juu kidogo ya taslimu, maadamu bei ni moja, imekatwa siku hiyo hiyo, na haiongezeki mtu akichelewa. Giza likifika, nimdai shilingi. Akitaka kunilipa kwa dagaa, tunaangalia bei ya siku hiyo pale mwaloni, napokea hapo hapo, tumemalizana.

Mimi hapo nikaona ninachezewa mazingaombwe. Si ni dagaa wale wale na maharage yale yale? Lakini nikapiga hesabu usiku, na hesabu ilinitia aibu. Mwezi uliopita sado ya maharage nilinunua 9,000. Sado mbili za dagaa alizonipa, mimi nazipeleka kwa mnunuzi kwa 24,000, mara nyingine 26,000. Nisingethubutu kumwangalia Mama Sauda usoni nikamwambia "chukua cha 9,000, wiki tatu zijazo niletee 24,000." Angenipigia kelele mtaa mzima. Lakini kwa sado tuliona sawa, moja kwa mbili, kama mchezo wa watoto. Shilingi ilipoingia katikati ndipo nilipoona nilichokuwa nakula. Sikuwa nimejificha, naapa, ila sikuwa nimetazama.

Njia ya pili naipenda zaidi, ila inataka mtaji. Inaitwa salam, na si salamu za kuamkiana. Unatoa pesa yote kwanza, pale pale mlipokaa, kwa bidhaa itakayokuja baadaye. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wanalipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla, hakuwakataza, alisema tu anayelipa mbele alipe kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana, na muda unaojulikana. Basi mbalamwezi nampa Mama Sauda pesa, anakwenda kununua maharage kwangu au kwa yule jirani mgeuka kiwiliwili, shauri yake. Namdai kilo kadhaa za dagaa, wakavu, wa chanja si wa mchangani, vichwa havijavunjika. Wasipopatikana, nasubiri au narudishiwa pesa yangu ile ile, haizidi.

Muda ndio ulionifurahisha. Ustadhi alisema "giza likiingia" hautoshi, kuna anayehesabia giza tarehe 18, kuna wa tarehe 20, mtagombana. Nikamwambia ustadhi, mbona sisi tuna tarehe? Kalenda yetu ya Kiislamu si ndiyo mwezi wenyewe! Tarehe 13, 14 na 15, zile siku nyeupe za kufunga sunna, ndizo mitumbwi imelala. Tukiandika tarehe 25 ya mwezi huu wa Mfungo Saba, mvuvi anajua bila kutazama ukutani. Bibi yangu alihesabu hivyo hivyo maisha yake yote, madeni yake na swaumu zake kwa mwezi mmoja. Ustadhi alinyamaza, halafu akasema ataliingiza kwenye darsa. Sijui kama atasema limetoka kwangu.

Na daftari nimenunua. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ya kuandika deni, 282 ya Al-Baqara, na sisi wenye msahafu kila nyumba tunakopeshana kwa "tutaonana giza."

Lakini yote hayo ni ya mbele. Beseni ni la nyuma. Ustadhi anasema mkataba ule haukusihi, changu kwa Mama Sauda ni maharage niliyotoa, sado tatu, mfano wake. Akanikumbusha ile ya 279, rasilimali zenu ni zenu, msidhulumu wala msidhulumiwe. Dagaa ni wake. Nikitaka kuwanunua nimlipe bei ya leo, pesa mkononi. Nakubali. Tatizo yeye hapokei simu yangu. Nilimtuma Shabani na 72,000 ya sado zote sita, akarudishwa nazo. Eti "mwambie maskini hana dagaa wa kuuza kwake, ana deni la kulipa." Na hapo ndipo pananiuma, Somo. Kwa miaka miwili nilimpunja akaniita mama. Siku nimeacha, kaninunia.

Na shetani hakosi la kuninong'oneza: maharage yamepanda, sado sasa inakaribia 12,000. Akinirudishia sado tatu, nafaidika kidogo kihalali. Nimemfukuza lakini alikuwa na hesabu nzuri.

Kwa hiyo nakuomba. Mpigie wifi yako. Wewe unajua kumwingia, anza na habari za watoto, usianze na riba. Mwambie sijakataa mkono wake. Mwambie namdai maharage tu na sina haraka, hata akae nayo mpaka baada ya Ramadhani, kwani mwenye dhiki anapewa muda, hiyo nayo ni aya. Au nimsamehe kabisa? Nikimsamehe hataona namdharau zaidi?

Na Mwalimu muulize haya, andika majibu, usinipe kwa kichwa chako. Je, nikiuza maharage kwa shilingi za mkopo lakini wote wawili tunajua moyoni atalipa dagaa, hatujasema ila tunajua, nimetoka au nimezunguka tu nyuma ya nyumba? Na nikiwa nimelitamka kabisa? Wale niliopokea dagaa zao miaka miwili iliyopita, nilikuwa sijui: kuna aya inayosema mawaidha yakimfikia mtu akaacha, yaliyopita ni yake. Inanihusu mimi, au ni mimi najitafutia nafuu? Nawajua kumi na wawili kwa majina. Nimtafute kila mmoja? Mmoja amehamia Kalemie, ng'ambo kabisa. Zaka niliyotoa mwaka jana kwenye mali ile, ilikuwa zaka? Na huko kwenu wanabadilishanaje karanga na asali, au nyie Wanyamwezi mmeokoka?

Utakuja lini? Bi Zuhura anauliza kama ile nguo yake bado unayo. Yule mtu wa Kaliua mliishia wapi, ama nisiulize kwenye karatasi?

Shabani keshafunga begi, anasimama mlangoni anapumua kwa nguvu ili nimwone. Asali usisahau. Wala usije ukasema ni malipo ya dagaa, tukaanza upya. Dagaa ni zawadi, asali nayo iwe zawadi, tena nyingi.

Wassalaam,
Somo wako

Nyongeza: Paka kapata wawili sasa hivi nilipokuwa natafuta bahasha. Nimewaandika kwenye daftari, kwa jina la Mama Sauda, upande wa ninachodaiwa.