Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani: Picha ya setelaiti ishuke mtaani kabla ya muhuri

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: RAMANI ZA MIPANGO MIJI ZINAZOCHORWA KWA PICHA ZA SETELAITI

Baada ya salamu, naandika kama mkazi wa manispaa hii ambaye kwa miaka kadhaa nimezitumia jioni zangu nyingi kuchora nyumba, vichochoro na mitaro ya mitaa yetu juu ya picha za setelaiti, katika ramani huria ya OpenStreetMap. Nalitaja hilo mapema ili nisieleweke kuwa naipinga teknolojia hii. Naitumia na naipenda, na ninaloliomba ni moja: kila ramani ya mipango miji itakayotokana na picha hizo ichapwe kwenye karatasi kubwa, ibandikwe katika ofisi za serikali za mitaa, wakazi waisahihishe kwa kalamu, ndipo ipelekwe kusainiwa.

Faida za picha hizi hazina ubishi, wala sitazikalia sana. Setelaiti za Landsat zimekuwa zikiipiga dunia picha tangu mwaka 1972, na tangu 2008 kumbukumbu zake zote zinapatikana bure. Zile za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, mbili zikifanya kazi kwa pamoja hupita mahali pamoja kila baada ya siku tano, na kila nukta ya picha hubeba eneo la mita 10 kwa 10. Programu ya kuzisomea, QGIS, nayo ni ya bure. Kwa manispaa iliyohesabiwa watu 108,299 katika sensa ya mwaka 2012, na ambayo tangu gesi ya Mnazi Bay na saruji ya Dangote zitie watu hamu ya ardhi nyumba zimekuwa zikimtangulia mpima, huo ni msaada mkubwa. Dar es Salaam walianza mradi wa Ramani Huria mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo wakitembea na wakazi kuchora mitaro na mabonde yanayofurika. Zanzibar mwaka 2016 walianza kurusha droni kupiga picha za Unguja na Pemba. Sisi wa kusini hatuna sababu ya kubaki nyuma.

Hata hivyo, picha inayopigwa kutoka juu ina mambo isiyoyaona, na mengine ni ya kwetu hasa.

La kwanza ni mkorosho. Ukiutazama kutoka angani upande wa Naliendele na pembezoni mwa mji, unaona kijani kilichotanda, na mchoraji asiyeyajua mazingira haya atakiandika kuwa msitu au eneo la wazi. Chini ya kijani hicho kuna nyumba, njia za miguu, visima na makaburi. Tena mkorosho una mwenyewe, una mrithi, na mara nyingine una mtu aliyeuweka rehani. Katika mji mmoja nilikowahi kusaidia kazi ya urasimishaji makazi, mji ambao sitautaja, mchoro ulikuja ukionyesha kiwanja cha michezo mahali ambapo ukoo mzima ulikuwa umezika wazee wake. Aliyechora hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amekaa mbele ya skrini, na skrini ilimwonyesha uwazi. Bahati nzuri bibi mmoja aliiona karatasi ile ikiwa bado mezani, akauliza kwa upole kama watoto watakuwa wanacheza juu ya baba yake.

La pili ni bahari, na hapa naomba univumilie, kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Kwenye picha ya Sentinel-2, mita 60 ni nukta sita tu, na mstari wake huvutwa kwa dakika chache. Lakini ni mita 60 kuanzia wapi? Setelaiti hizo zimepangwa zipite juu yetu wakati uleule kila zinapokuja, baina ya saa nne na saa tano asubuhi. Sasa muulize mvuvi yeyote wa Shangani au Mikindani atakwambia: siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, pwani yetu maji hujaa alfajiri na alasiri, na ile saa nne asubuhi bahari imekupwa, akina mama wako miambani wakitafuta pweza. Kwa hiyo picha ya siku ya bamvua itaonyesha bahari ikiwa mbali, na picha itakayoyakuta maji yamejaa saa hiyo itakuwa ya siku za maji mafu, ambayo hayapandi sana. Ile bamvua ya saa kumi alasiri, inayoweza kuingia hadi kwenye viwanja, setelaiti hizi hazitaikuta hata zikipita miaka kumi mfululizo. Mtu akiuchukua mstari wa maji kama ulivyo katika picha na kuanza kuzihesabu mita zake hapo, atakuwa amempa mtu kiwanja ndani ya bahari, na hati juu yake. Kosa hilo halirekebishwi kwa kompyuta kubwa zaidi, bali kwa mzee wa pwani anayeweza kuweka kidole kwenye ramani na kusema maji huishia kwenye mwembe ule.

La tatu ni mvua, ambayo ni ndugu wa hilo la pili. Mvua zetu huja kwa msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na miezi hiyo mawingu huziba picha. Zinazobaki safi ni za kiangazi, wakati bonde linaonekana kama uwanja mkavu wenye majani ya rangi ya dhahabu. Ndivyo linavyoonekana pia kwa mnunuzi, maana fedha ya korosho huanza kuingia Oktoba na viwanja hununuliwa kabla mawingu hayajakusanyika. Zipo setelaiti za rada, Sentinel-1, zinazofanya kazi tangu mwaka 2014 na kuona maji hata kukiwa na mawingu, na ningefurahi kuona wataalamu wako wakizitumia. Lakini maji ya mtaani, yanayosimama baina ya kuta kwa siku mbili na kuondoka, huchanganya hata rada. Alama ya tope ukutani kwa jirani inajua zaidi. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kikija na tukatakiwa kuhamia maeneo salama, mimi niliyezoea kuchora ramani nilijikuta nakisia kwa macho ni mtaa gani ulioinuka.

Nakumbusha pia, Ndugu Mkurugenzi, kwamba mji huu umewahi kuonja uchungu wa mpango uliochorwa kwa haraka kutoka juu. Mwaka 1946 mtaalamu wa kilimo John Wakefield na wenzake, waliotumwa na serikali ya Uingereza, walitumia wiki tisa kuikagua Tanganyika na nchi jirani, wakitumia ndege, wakarudi na mpango wa kulima mashamba makubwa ya karanga. Bandari yetu yenye kina, reli ya kwenda Nachingwea na barabara zetu pana zilizokosa watu kwa miaka mingi vilitokana na mpango huo. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umefutwa, na reli nayo ikang'olewa baadaye, ikabaki kuwa jina la kata. Ardhi ilikuwa na wenyeji waliojua mvua zake na udongo wake, ila hawakuulizwa.

Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya mwaka 2007, tayari inataka wenye ardhi na wadau washirikishwe. Najua mikutano huitishwa. Lakini mkutano ambao ramani inaonyeshwa kwa projekta kwa dakika ishirini, ikiwa na rangi kumi na maneno ya kitaalamu, humfanya mtu apige makofi tu na kwenda zake. Karatasi ikikaa ukutani wiki mbili, ikiwa na majina ya mahali kama tunavyoyaita sisi, duka la fulani, msikiti, kisima, hapo mtu hupita asubuhi, akapita jioni, akamleta mama yake, na makosa yakaanza kuonekana. Gharama yake ni karatasi, wino na mtu mmoja wa kuandika marekebisho kwenye daftari.

Napendekeza ianze mitaa miwili, mmoja wa pwani na mmoja wa upande wa mikorosho, kabla ya mvua zijazo. Mimi na wenzangu tunaochora kwa kujitolea tuko tayari kuchapa nakala za mwanzo na kukaa nazo katika ofisi za mitaa kila Jumamosi, na marekebisho yote tutayakabidhi kwa afisa mipango miji wako yakiwa yameshaingizwa kwenye kompyuta. Tunachosubiri ni ruhusa yako na barua ya kutambulisha kwa watendaji wa mitaa.

Wako mtiifu,

Mkazi wa Kata ya Chikongola,
Mtwara