Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kwa Nini Tumehamia Fredericia

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliipa kamati kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kupata mahali pamoja pa kukutania, ili wenzetu wa Aarhus waache kunung'unika kwamba kila jambo linafanyika Odense, na wale wa Esbjerg wasipate tena sababu ya kutofika. Ya pili ilikuwa kuwaandalia watoto safari ya kujifunza historia ya nchi wanayokulia. Kamati ilizimaliza zote mbili katika mji mmoja wa hapa Denmark, Fredericia. Baadhi yenu mmesema kwa sauti, na wengine pembeni, kwamba mji ule ni mdogo na hauna kitu. Mniwie radhi basi nikichukua muda wangu mwingi hapo. Mambo ya fedha anayo mweka hazina.

Fredericia haukukua wenyewe kama miji mingine. Uliamriwa. Katika vita vya karne ya 17 majeshi ya adui yaliingia Jylland, rasi ambayo ndiyo bara la Denmark, kutoka kusini mara mbili, mwaka 1627 na mwaka 1643, na bara lote likawa wazi mbele yao. Mfalme Frederik III akatoa hati ya kuanzisha mji wa ngome tarehe 15 Desemba 1650, mahali ambapo mlango wa bahari wa Lillebælt unaitenganisha Jylland na kisiwa cha Fyn. Jeshi lililobanwa lingeweza kujifungia pale huku likiletewa chakula na askari kwa mashua kutoka kisiwani. Ndiyo maana mitaa yake imenyooka kama mistari ya daftari: ilipimwa kabla nyumba hazijajengwa, askari waweze kufika haraka kwenye matuta ya ngome.

Ngome hiyo mpya haikudumu hata miaka kumi. Oktoba 1657 Waswidi chini ya jenerali wao Wrangel waliivamia na kuiteka, na kamanda wake, Anders Bille, akafa kwa majeraha. Majira ya baridi yaliyofuata bahari iliganda. Mwishoni mwa Januari 1658 Mfalme wao, Karl wa Kumi Gustav, alilivusha jeshi lake juu ya barafu ya Lillebælt hadi Fyn, kisha akaendelea juu ya barafu kisiwa hadi kisiwa kuelekea Copenhagen. Mwezi uliofuata Denmark ilitia sahihi mkataba wa Roskilde na kupoteza Skåne, Halland na Blekinge, ambazo ni Uswidi hadi leo. Watoto waliposimuliwa haya juu ya tuta, upepo ukiwapiga usoni, hawakuwa na shida ya kuamini habari za barafu.

Sehemu iliyotugusa zaidi ni ile ya watu. Nani alitaka kuhamia mji unaosubiri mizinga? Wachache sana. Kwa hiyo wafalme wakaanza kutoa vishawishi. Waliofilisika na kukimbia madeni walipewa hifadhi, na mwaka 1682 Wakatoliki, Wayahudi na Waprotestanti wa madhehebu ya Calvin waliruhusiwa kuabudu kwa namna yao, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika nchi ya Kilutheri. Mnamo mwaka 1720 walifika Wahugenoti, wakimbizi wa madhehebu hayo ya Calvin wenye asili ya Ufaransa, wakalima tumbaku kwenye viwanja vilivyobaki wazi ndani ya ngome. Kanisa lao la mwaka 1736 tuliliona, na makaburi ya Wayahudi pia. Mzee wetu mmoja aliyekulia Urambo, Tanzania, kwenye tumbaku, alimshikilia mwongozaji kwa maswali ya mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku, hadi tukachelewa chakula.

Wengi wetu humu tuliingia Denmark kwa makaratasi ya ukimbizi, hasa wenzetu kutoka Kivu na Burundi, kwa hiyo najua kwa nini habari hii ilipendwa. Lakini tusiipambe kupita kiasi. Mfalme hakuwa na huruma ya pekee. Alikuwa na ngome tupu. Alihitaji mikono, nao walihitaji paa.

Tarehe 6 Julai baadhi yetu tulihudhuria maadhimisho ya mji. Mwaka 1849 jeshi la Schleswig-Holstein, majimbo ya kusini yaliyouasi utawala wa Denmark, lilikuwa limeuzingira mji tangu Mei. Wadenmark walileta vikosi kwa siri kwa njia ya bahari, vikapita Fyn na kuvushwa usiku, na saa za alfajiri ya tarehe 6 Julai wakatoka kwa kishindo na kuuvunja mzingiro. Jenerali Olaf Rye aliuawa siku hiyo, na Wadenmark wapatao 500 wamezikwa katika kaburi moja la pamoja. Sanamu iliyosimamishwa mwaka 1858 karibu na lango la Prinsens Port si ya jenerali yeyote. Ni ya askari wa kawaida, bunduki mkono mmoja, tawi la mti mkono mwingine, mguu juu ya mzinga uliotekwa. Nilipenda hilo. Mwaka 1864 mambo yaligeuka: Waprusia na Waaustria waliupiga mji kwa mizinga, na mwezi Aprili Wadenmark wakauhama bila kupigana. Ngome ilifutwa rasmi mwaka 1909, na matuta yamebaki kuwa bustani ya kutembea.

Sasa nije kwenye usafiri, maana hapo ndipo hoja ya kamati ilipo. Mahali palipochaguliwa kuwazuia watu wasivuke ndipo hapo hapo palipofaa kuwavusha. Reli ilifika Fredericia mwaka 1866, na miaka miwili baadaye ikaunganishwa na Aarhus. Kilichobaki ni maji. Mwaka 1872 ilianza pantoni ya kubeba mabehewa kati ya Strib, upande wa Fyn, na Fredericia, ya kwanza ya aina yake Denmark, ikafanya kazi hadi daraja la Lillebælt lilipofunguliwa tarehe 14 Mei 1935. Lina urefu wa mita 1,178 na linabeba reli na barabara pamoja. Stesheni nayo ikahamishiwa nje ya matuta ya ngome, pale tunaposhukia. Daraja la pili, la kuning'inia, lilifunguliwa mwaka 1970 kwa ajili ya magari. Reli ya Storebælt, mlango wa bahari ulio upande wa pili wa Fyn, ilipoanza kazi mwaka 1997, safari ya treni kutoka Copenhagen haikuhitaji tena pantoni hata moja.

Kwa sisi maana yake ni hii: anayetoka Odense, Vejle, Kolding au Aarhus anafika bila kulala njiani, na wa Copenhagen anakaa kwenye treni kama saa mbili tu. Mahudhurio yamepanda, katibu anayo orodha. Kero zimekuwepo. Wakati wa matengenezo ya reli tulipandishwa mabasi ya mbadala, na mara moja ukumbi tulioahidiwa ulikutwa umepewa kikundi cha ngoma za kienyeji za Kidenmark. Walitukaribisha tucheze nao. Walioshuhudia wanajua matokeo.

Wanachama wameuliza kama handaki la Femern, linalojengwa chini ya bahari kati ya kisiwa cha Lolland na Ujerumani, litaifanya Fredericia isahaulike. Treni za Hamburg zinazozungukia Jylland sasa zitahamia huko. Lakini safari kutoka Copenhagen kwenda Aarhus, Aalborg na Esbjerg hazina njia nyingine isipokuwa kuvuka Lillebælt, kwa hiyo sioni sababu ya hofu.

Kamati inaleta mapendekezo mawili yapigiwe kura. Kwanza, mikutano yote ya mwaka ujao ifanyike Fredericia, na tarehe zitangazwe miezi miwili kabla ili watu wawahi tiketi za treni za bei nafuu ziitwazo Orange. Pili, chama kichangie nauli za wanafunzi na wazee. Kuhusu hili la pili kamati yenyewe haikukubaliana: mweka hazina anapinga, mimi naunga mkono. Ataeleza sababu zake atakaposoma hesabu, kisha tutaingia kwenye uchaguzi. Nafasi zinazogombewa ni ya katibu msaidizi na wajumbe wawili, na fomu ziko mezani karibu na chupa za chai.