Rekodini sauti kabla ya kuhuisha katuni

Mhariri,

Vikundi vya vijana wanaotengeneza katuni kwa kompyuta hapa Nairobi hupenda kuanza na mhusika: nywele, viatu, mng'ao wa macho. Sauti huachwa mwisho, na hapo ndipo kazi hukwama, kwani mdomo wa mhusika hufuata sauti. Rekodini mazungumzo kwanza, myapange juu ya michoro ya penseli, kisha mtazame filamu nzima ikiwa bado michoro. Panapochosha pakatwe papo hapo. Mchoro ukitupwa hakuna hasara. Sekunde chache zilizokwisha kuhuishwa, yaani kupewa mwendo, ni siku kadhaa za mtu.

Kubalianeni pia idadi ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda mwendo, kwa sekunde. Mmoja akihuisha kwa 24 na mwenzake akaunganisha picha kwa 25, dakika nzima yenye fremu 1,440 itaisha kwa sekunde 57.6. Mhusika atakuwa amefunga mdomo na sauti yake bado inasema. Kwa kazi ya televisheni zetu, anzeni na 25.

Kukokotoa picha za mwisho, yaani kompyuta kuichora kila fremu ikiwa kamili, ndiko kunakowavunjia wengi ahadi. Fremu 1,440, kila moja ikichukua dakika tano, ni saa 120: siku tano, usiku na mchana, kwa kompyuta moja. Hesabu hiyo ipigwe kabla mteja hajapewa tarehe. Wala msitoe kazi moja kwa moja kama video, maana stima ikipotea katikati, mara nyingi faili hiyo haifunguki tena. Toeni kila fremu kama picha ya PNG. Stima ikirudi, futeni picha ya mwisho, huenda ni nusu, mwendelee kutoka hapo. Kompyuta mbili zaweza hata kugawana: hii 1 hadi 720, ile zilizobaki.

Katika Blender, programu ya bure ya kuhuisha katuni, mhusika akifunguka mwili mzima waridi kali kwenye kompyuta ya mwenzako, si virusi. Programu haizioni picha za ngozi na nguo zake, kwa sababu anwani za picha hizo, yaani mahali zilipohifadhiwa, zinaelekeza kwenye diski yako. Kila mtu awe na folda zilizopangwa sawasawa, na anwani zihesabiwe kutoka pale faili ya Blender yenyewe ilipo. Majina ya faili yawe kama tukio02_shoti010_v03: tukio, shoti (kipande kimoja cha filamu kisichokatwa) na toleo. "Mwisho" na "mwisho kabisa" yatawagombanisha tu.

Na shoti moja ishikwe na mtu mmoja. Wawili wakiifungua faili ileile, atakayehifadhi baadaye hufuta kazi ya mwenzake.

Mhuishaji katuni,
Nairobi