YAH: TARUMBETA LILILOVUNJWA KWA PLAIZI KAUNTANI KWENU

Ndugu Meneja wa Matengenezo,

Salaam. Naomba uisome barua hii wewe mwenyewe. Isiishie kwa fundi wenu wa kaunta, maana ndiye ninayemlalamikia.

Jumanne nilileta tarumbeta la B-flati, la pistoni tatu, kwa kazi mbili tu: kuchomoa mausipisi (kile kipande cha kupulizia) iliyoganda na kubadilisha koki, yaani kizibo kidogo cha kitundu cha kutolea mate. Koki yenyewe haizidi punje ya hindi.

Mausipisi kuganda si jambo geni. Shina lake limechongoka na bomba linaloipokea limechongoka vilevile. Mate yakikaukia humo na chombo kikagongwa kidogo kwenye daladala, basi, imebana. Huchomolewa kwa kifaa cha skrubu kinachoivuta moja kwa moja bila kuizungusha. Kama hamna kifaa hicho, tieni mafuta mepesi, acheni usiku kucha, asubuhi mgongegonge shina pande zote kwa nyundo ndogo ya mbao. Fundi wenu alilibana tarumbeta katikati ya magoti, akachukua plaizi, akazungusha. Nikamwambia, "Fundi, usizungushe." Akanijibu, "Kaka tulia, hili ni bati tu." Likalia ka! Kiungo kikaachia.

Ijumaa nikalipa 60,000, nikapewa risiti ya mkono. Kufungua, pistoni ya kwanza na ya tatu zimehamishana nyumba. Kila pistoni ina namba yake. Ukiziweka kusiko kwake matundu hayakutani na mabomba, unapuliza upepo unagonga ukuta. Hilo nimelirekebisha mwenyewe kwa dakika 2, silihesabu. Lakini ya pili mmeipiga msasa! Nani aliwaomba mguse pistoni? Pistoni ikinata huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, hufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, hutiwa matone 3 au 4 ya mafuta yake. Si mafuta ya nazi, yale huganda. Nafasi kati ya pistoni na nyumba yake ni nyembamba kuliko unywele, ukiikwangua upepo unavuja. Jipimieni wenyewe: chomoeni slaidi ya pili, yaani lile bomba la kuvuta la pistoni ya pili, bila kubonyeza pistoni. Tarumbeta zima hutoa mlio wa po! Hili sasa linachomoka kimya, kama kijiko kwenye uji.

Tena Alhamisi, kabla ya hayo, nilipiga simu nikaambiwa, "Liko tayari, halina tatizo lolote."

Naomba radhi, nirudi kwenye plaizi, maana hapo ndipo roho yangu ilipokwama. Wateja watatu walikuwa wamesimama. Plaizi ilikuwa ya mafundi umeme, mikono myekundu, meno yake yameacha alama nne kwenye fedha ya mausipisi, nimezihesabu. Bomba lile unene wake ni kama nusu milimita. Alipozungusha mara ya kwanza halikutoka, nikasema usizungushe, akazungusha mara ya pili kwa mikono miwili, bomba likajipinda kama kanga inayokamuliwa, lehemu ikapasuka. Hili ni bati tu! Hiyo ni shaba, ndugu yangu, shaba na zinki. Na wale wateja wakacheka.

Kiungo kilichoachia akakichomelea kwa gesi. Vyombo hivi huungwa kwa lehemu ya bati na risasi inayoyeyuka kabla ya nyuzi 200 za joto. Moto wa kuchomelea unapita 600. Vanishi imeungua ikawa nyeusi, shaba imelainika, ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea. Na kwa kuwa bomba limepinda, miguu miwili ya slaidi kubwa haiko sambamba tena, kwa hiyo haivutiki. Mnajua maana yake kwa mpiga matarumbeta? Jua la saa nane likilipiga tarumbeta juu ya kirikuu, ile pikapu ndogo inayotubeba, sauti inapanda. Slaidi huvutwa kama sentimita moja ili tulingane na tromboni. Jumamosi haikuvutika, harusi nzima tarumbeta la kwanza likapiga juu ya wenzake.

Nilikusudia kudai 60,000 zangu tu, ndani ya siku 14. Lakini fedha hiyo hainyooshi bomba. Kwa hiyo nataka bomba jipya liungwe kwa lehemu inayostahili, na mtu anayejua kazi. Na pistoni je? Iliyokwanguliwa hairudi tena kuwa nzima. Basi nataka tarumbeta jipya, la aina ileile, ndani ya siku 7, na samahani kwa maandishi yenye jina la aliyesema ni bati.

Mkikaa kimya, barua ya pili itaenda Tume ya Ushindani, FCC, wanaoshughulikia haki za walaji. Nakala itaenda TRA, mamlaka ya mapato, pamoja na ile risiti yenu ya mkono, muwaeleze wao mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, ilikuwa wapi siku hiyo.

Na siku ya nane, saa tatu asubuhi mnapofungua, kikundi kizima kitapaki kirikuu mbele ya mlango wenu: tromboni mbili, tuba, ngoma, na hilo tarumbeta lenu mbele kabisa. Tutapiga mpaka mtoke.

Wenu mteja,
Mpiga tarumbeta la kwanza,
Temeke, Dar es Salaam