Kwa mdogo wangu aliyekifunika kinanda

Mdogo wangu mpendwa,

Mama ameniambia kwamba mzee mmoja wa usharika alikukaripia mbele ya kwaya, eti madoido yako yanawapoteza waimbaji, na kwamba tangu siku hiyo kinanda umekifunika kitambaa. Limeniuma sana. Ndiyo maana nakuandikia.

Februari 1706, katika mji wa Arnstadt, Ujerumani, mpiga kinanda wa miaka 20 aliitwa mbele ya baraza la kanisa. Alikuwa ameomba ruhusa ya wiki nne kwenda mji wa Lübeck kumsikiliza Dieterich Buxtehude, mpiga kinanda mashuhuri wa kule, safari ya zaidi ya kilomita 400 kwa miguu, akapotelea huko karibu miezi minne. Hilo lilikuwa kosa moja. La pili ndilo lako: alichanganya sauti ngeni ndani ya nyimbo hadi waumini wakababaika. Kijana huyo ni Johann Sebastian Bach, mtunzi mkubwa wa muziki.

Sisemi wazee wale walikosea. Mtu aliyesimama kuimba anataka kujua ubeti unaanzia wapi. Lakini Walutheri wa kule walimwachia mpiga kinanda nafasi yake kabla ya watu kufungua vinywa: anautangulia wimbo peke yake, na hapo madoido yana ruhusa. Buxtehude aliipa tuni mkono wa kulia, akaipamba kama mwimbaji mmoja anayeomba dua, mkono wa kushoto na miguu kwenye pedali vikimsindikiza taratibu.

Bach hakuyaacha madoido. Baadaye, akiwa mji wa Weimar, alianza daftari la tangulizi kama hizo, liitwalo Orgelbüchlein, yaani kitabu kidogo cha kinanda. Alipanga nyimbo 164, akaandika majina yake kwenye kurasa kabla ya muziki wenyewe, na akakamilisha 46 tu. Kurasa nyingi zimebaki na jina la wimbo juu na mistari mitupu chini. Nikizifikiria kurasa hizo, roho inaniuma.

Katika hizo 46, tafuta “O Mensch, bewein dein Sünde groß”, yaani ee mwanadamu, lilia dhambi yako kuu. Usiusikilize ukiwa unaosha vyombo. Kaa chini. Tuni ya zamani imo, ila kila nota yake imezungushiwa nyingine ndogondogo, kama mtu anayejaribu kuongea huku kilio kimemkaba. Karibu na mwisho, besi inaanza kupanda hatua ndogo kabisa, moja baada ya nyingine. Kisha inaingia sauti ngeni, ya aina ileile iliyomponza Arnstadt, na hapo Bach ameandika “adagissimo”: polepole mno. Kwa nini hapo? Ubeti wa kwanza unamalizia kwa Kristo kuubeba mzigo wa dhambi zetu msalabani, na neno la mwisho kabisa ni “lange”, muda mrefu. Waumini walikuwa wameyahifadhi maneno hayo tangu utotoni. Kinanda kinakawia palepale Kristo anapokawia msalabani, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Mimi nilirudia vipande vile vya mwisho mpaka usiku wa manane.

Nikija Desemba nikute kitambaa kimetolewa. Tutauchukua ule wimbo tuliomzika nao babu, tuusome kwanza maneno yake, beti zote, bila kugusa kinanda. Halafu unipigie utangulizi wako.

Kaka yako