Akina mama wa dagaa Mwaloni, tazameni shingo zenu

Wanangu wa Mwaloni Kirumba,

Juma lililopita nilikaa na mmoja wenu, simtaji, akichambua dagaa. Jua kali, naye kajizungushia kanga shingoni. Alipoinama ikateleza, nikaliona rovu, kubwa kama limau. Akasema ni mizigo ya kichwani. Marehemu dada yangu aliambiwa karogwa, akachanjwa chale shingo nzima, na rovu likazidi kukua.

Si mzigo, si uchawi. Mbele ya koo kuna tezi yenye umbo la kipepeo, thairoidi. Inatoa homoni inayosafiri kwenye damu na kuupangia mwili mwendo: moyo upige vipi, chakula kitumike vipi, joto liwe kiasi gani. Homoni hiyo haipatikani bila madini joto, yaani ayodini. Yakipungua, tezi nyingine chini ya ubongo, ndogo kama punje ya njegere, inaagiza thairoidi iongeze bidii. Nayo inajitutumua hadi inavimba, na malighafi hakuna.

Mtasema, mbona tunakula samaki kila siku? Wenye madini joto mengi ni wa baharini. Sato, sangara na dagaa wetu wa ziwani wanayo machache. Na ugali wa udaga, muhogo wake usipolowekwa ukaiva vizuri, huzuia hata hayo machache yasiingie kwenye tezi.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito 250. Mimba ikiyakosa, ubongo wa mtoto ndio unaoumia, na haurudi. Wenye mimba, nawapigia magoti.

Chumvi ya mawe ya magunia ibaki ya samaki. Ya jikoni nunueni ya pakiti iliyoandikwa madini joto. Kopo lifunikwe, lisikae juani wala kando ya jiko, na chumvi itiwe mboga ikikaribia kuiva. Wala msizidishe, presha nayo ipo.

Leo usiku shika kioo, inua kidevu, meza funda la maji. Ukiona uvimbe unapanda na kushuka, nenda kituo cha afya. Nenda pia ukichoka na kuhisi baridi bila sababu, au moyo ukienda mbio na mikono ikitetemeka. Rovu lina sababu zaidi ya moja, na kipimo cha damu kitasaidia kujua ni ipi.

Nawe mwenye kanga, Jumatatu asubuhi nitakupitia hapo kwenye vichanja. Twende wote.

Bibi yenu, muuguzi mstaafu